Mchango Kabla ya Kilio

Katika parokia zetu za Kivu hakuna kazi inayopangwa vizuri kuliko kilio. Mtu akifariki alfajiri, kabla ya jua kutua meza imekwisha wekwa mbele ya nyumba yake, daftari limefunguliwa, na mwenye hati nzuri ameketi kuandika majina ya watu na kiasi walichotoa. Shirika latoa fungu lake, ukoo watoa lake, wenzake wa kazi vilevile, na wale wa likelemba hawakosi. Hakuna mgeni aliyekuja kutufundisha mambo hayo. Twayajua wenyewe tangu zamani. Na fedha hupatikana, hata katika mwezi ambao kila mmoja amelia kwamba hana kitu mfukoni.

Twaisifu desturi hiyo. Kuzika wafu ni tendo la huruma, nasi tulifundishwa hivyo tangu katekisimu ya Komunyo ya kwanza. Lakini katika orodha ileile ya matendo ya huruma limo jingine, kutazama wagonjwa, na kwa hilo hatujaona bado meza wala daftari. Twasema hasa habari ya mgonjwa yule ambaye mganga amekwisha iambia jamaa yake: "Mrudisheni nyumbani, hakuna tena la kufanya." Tokea siku ile mpaka siku ya kilio zaweza kupita wiki mbili, yaweza kupita miezi sita. Katika muda huo ni nani anayemtunza? Kwa dawa gani? Kwa fedha ya nani? Maulizo hayo ndiyo tunayotaka kuyajibu, maana twaamini kwamba hospitali zetu ndogo zaweza kuwatunza wagonjwa wa namna hiyo, na kwamba sehemu kubwa ya fedha inayotakiwa tunayo tayari, ila twaitoa ikiwa imechelewa.

Waganga wana jina kwa matunzo hayo, nalo limetoka katika neno la Kilatini, pallium, yaani joho. Seminarini tulilijua neno hilo kwa ajili ya vazi la maaskofu wakuu; leo latukumbusha zaidi Mtakatifu Martino, yule askari aliyekata joho lake kwa upanga akampa nusu maskini aliyetetemeka kwa baridi. Hakumponya umaskini wake. Alimfunika. Ndugu zetu wa Tanzania husema tiba shufaa. Sisi tutasema matunzo ya kutuliza. Ni kutuliza maumivu, kusafisha kidonda, kuondoa harufu, kusaidia pumzi, kuzungumza na jamaa yenye hofu, kumwita padri kwa wakati, na kufanya hayo yote nyumbani kwa mgonjwa kama hawezi tena kutembea. Hayawahusu wenye kansere peke yao. Mwenye ukimwi, mwenye moyo uliochoka, mwenye figo zilizokufa, hata mtoto aliyezaliwa na ugonjwa usiopona, wote wamo. Shirika la Afya la Ulimwengu lahesabu kwamba kila mwaka watu karibu milioni 56.8 wanahitaji matunzo ya namna hiyo duniani, na kwamba katika watu 100 wanaoyahitaji ni 14 hivi wanaoyapata. Wengi wa wale wasioyapata wako katika nchi kama yetu.

Tuseme sasa habari ya mama mmoja, jirani yetu, ambaye watoto wake wawili tuliwafundisha kusoma. Alikuwa na kansere ya mlango wa kizazi. Katika hospitali moja ambayo hatutaitaja, waganga walimpasua, kisha wakaona kwamba ugonjwa umekwisha enea, wakamwambia mume wake maneno yale tuliyoyataja hapo juu. Lakini kwa kuwa deni lilikuwa halijalipwa, hakuruhusiwa kutoka. Alikaa siku 19 juu ya mkeka katika baraza, pamoja na wengine wenye deni, bila dawa, maana dawa hulipwa kwanza. Ndugu zake waliuza mbuzi na cherehani yake wakamtoa. Nyumbani aliwekwa katika chumba cha nyuma. Kidonda chake kilinuka sana, watoto wakaogopa kuingia, na wanawake waliokuja kumsalimu walisimama mlangoni. Kwa maumivu alipewa vidonge vya parasetamoli, basi. Usiku tulimsikia kutoka kwetu, ng'ambo ya barabara. Kundi moja la chumba cha sala likaja kusema kwamba ni pepo aliaye ndani yake, likaomba fedha ya kumfukuza. Padri alipokuja kumpa Mpako mtakatifu, mama huyo, aliyekuwa ameongoza rozari ya shirika letu miaka mingi, hakuweza kumaliza hata Salamu Maria moja. Maumivu yalimkata neno mdomoni.

Alipofariki, mchango ulikuwa mkubwa kuliko yote tuliyoiona katika mtaa wetu mwaka ule. Lilinunuliwa sanduku lenye kioo na mishikio ya shaba. Viti vilikodiwa, na ndugu wote walivaa kitambaa kimoja kipya. Watu walimpenda kweli, na hatusemi neno baya juu yao. Twasema tu kwamba vidonge vya metronidazoli, vikisagwa vizuri na kunyunyizwa juu ya kidonda cha namna ile, hupunguza harufu katika siku chache. Na vidonge hivyo viko katika kila duka la dawa la mtaani, kwa bei ya soda chache. Watoto wangeweza kuingia chumbani kwa mama yao. Hakuna aliyejua.

Kwa nini hakuna aliyejua? Je, wauguzi wetu hawana moyo? Sivyo. Twawajua, wengine tulisoma nao dawati moja. Shida imo katika namna hospitali zetu zinavyopata riziki. Hospitali nyingi za Kongo huishi kwa malipo ya wagonjwa wenyewe, na sehemu ya mshahara wa mwuguzi hutoka katika sanduku hilohilo. Sanduku hujazwa na upasuaji, na vipimo, na vitanda vinavyolipiwa. Kuketi saa moja karibu na mtu anayekufa, kumwosha kidonda, kumwonyesha binti yake jinsi ya kumgeuza kitandani, hakuingizi hata franka moja. Mwuguzi anayefanya hivyo huirudisha nyumbani mikono mitupu, na mwenzake wa chumba cha upasuaji hurudi na chakula cha watoto. Basi si ajabu kwamba mgonjwa asiyepona hutolewa mlangoni upesi, au huzuiliwa kwa ajili ya deni. Mara nyingi vyote viwili, kimoja baada ya kingine. Msomaji atakayefahamu jambo hilo atafahamu pia kwamba mahubiri peke yake hayatoshi. Yatakiwa fedha ya pembeni, iliyowekwa kwa ajili ya wagonjwa hao tu, ili mwuguzi asiadhibiwe kwa kuwahurumia.

Katika mfano wa Msamaria mwema sisi sote twakumbuka mafuta na divai na vitambaa alivyofungia majeraha. Wachache hukumbuka yaliyofuata. Kesho yake alitoa dinari mbili, akampa mwenye nyumba ya wageni, akaahidi kulipa lililozidi atakaporudi. Yezu hakuona haya kutaja fedha.

Tuje kwenye dawa yenyewe. Maumivu makubwa ya kansere hayatulizwi na parasetamoli. Hutulizwa na morfini. Twajua kwamba neno hilo huwatisha wengi. Mmoja atasema: hiyo ni dawa ya kuua watu polepole. Mwingine: ni bangi ya wazungu, mgonjwa ataizoea. Wa tatu, mkristu mwema, atauliza kama si dhambi kukimbia mateso, maana Bwana wetu aliteswa. Twawajibu kwa heshima. Morfini ikipimwa na mtu aliyefundishwa, ikaanza kidogo na kuongezwa kwa kiasi cha maumivu, haimwui mgonjwa. Humpa usingizi na kumrudishia hamu ya chakula. Mgonjwa wa kansere anayeinywa kwa saa zake, kila baada ya saa nne, hafanani na kijana anayetafuta ulevi barabarani. Ina taabu zake, kweli: hufunga choo, na lazima ipewe pamoja na dawa ya kulainisha tumbo.

Na dhambi? Tarehe 24 Februari 1957 Papa Piyo XII aliwajibu waganga waliomwuliza neno hilohilo. Alifundisha kwamba ni halali kutuliza maumivu kwa dawa hizo, hata kama ingeonekana kwamba zaweza kupunguza siku za mgonjwa, ikiwa hakuna njia nyingine, na ikiwa hazimzuii kutimiza wajibu wake wa dini na wa jamaa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, kwenye namba 2279, inayasifu matunzo ya kutuliza kuwa ni namna bora ya mapendo. Tena tuwaze juu ya yule jirani yetu. Ni nini kilichomzuia kusali, kuungama kwa utulivu, kuwabariki watoto wake, kumwambia mume wake ni wapi alipoweka karatasi ya kiwanja? Si dawa iliyomzuia. Ni kukosa dawa.

Kazi hii si ngeni katika Kanisa. Mwaka 1842, huko Lyon katika Ufaransa, mjane Jeanne Garnier, aliyekuwa amefiwa na mume na watoto wake wawili, alikusanya wajane wenzake ili kuwatunza wagonjwa wasiopona. Mwaka 1879 Masista wa Mapendo wa Ireland walifungua nyumba ya wanaokufa mjini Dublin, na mwaka 1905 wakafungua nyingine, ya Mtakatifu Yosefu, katika mtaa wa maskini wa London. Humo ndimo Cicely Saunders, mganga asiyekuwa Mkatoliki, alipoingia mwaka 1958, akajifunza na kuonyesha jinsi ya kutoa morfini kwa saa zake bila kungoja mgonjwa alie. Mwaka 1967 akafungua nyumba yake mwenyewe, ya Mtakatifu Kristofa, ambayo waganga wa nchi nyingi walikwenda kujifunza kwake.

Lakini tusiende Ulaya. Uganda ni jirani, malori yake twayaona kila siku.

Mwaka 1993 alifika Kampala mganga mmoja mwanamke, Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool. Katika ujana wake alikuwa sista wa shirika la Medical Missionaries of Mary, akatumika miaka mingi Nigeria. Baadaye aliacha utawa, akafundisha huko Singapore, na mwaka 1990 akaja Nairobi kutumika katika hospisi iliyokuwa imeanzishwa huko. Alipofika Kampala alikuwa na fedha ya kuwalipa watu watatu kwa miezi mitatu, pamoja na Land Rover iliyokwisha kutumika. Wasomaji wapime wenyewe: ni parokia gani ya kwetu ingethubutu kuanza kazi kubwa kwa akiba ya miezi mitatu? Hospitali ya Kikatoliki ya Nsambya, ile ambayo Mama Kevin na masista wenzake waliianzisha mwaka 1903, ilimwazima nyumba ndogo yenye vyumba viwili vya kulala. Humo kazi ikaanza. Serikali ilikubali kuingiza unga wa morfini, na unga huo ulichanganywa na maji, pamoja na dawa ya kuuhifadhi usiharibike, kisha rangi ikatiwa ili dawa hafifu isichanganywe na ile kali: ya kijani ndiyo hafifu. Njia hiyo rahisi Merriman alikuwa ameipata Singapore pamoja na wenzake wa farmasi. Hakuna mtambo mkubwa. Mizani sahihi, maji safi, chupa, na mtu mwaminifu anayejua hesabu. Wenye kuitengeneza husema kwamba dawa ya siku kadhaa za mgonjwa wa kawaida haifikii bei ya mkate.

Jambo la pili tunalolistaajabia ni kwamba hospisi ile haikujenga wodi. Haina vitanda vya kulaza. Wauguzi huenda nyumbani kwa wagonjwa, au hukutana nao kando ya barabara siku iliyopangwa, na wagonjwa waliolazwa huwatazama katika hospitali za wengine. Kwa hiyo fedha haikuliwa na matofali. Mwaka 1998 kazi hiyo ilikuwa imefika Mbarara na Hoima, miji isiyo mbali na mpaka wetu.

Tena waliona kwamba waganga ni wachache mno vijijini, na bila sahihi ya mganga hakuna morfini. Basi mwaka 2004 Uganda ilibadili sheria, ikawaruhusu wauguzi waliosoma kozi maalum kuandika wenyewe karatasi ya morfini, jambo ambalo hakuna nchi ya Afrika iliyokuwa imelifanya kabla yake. Serikali ilichukua gharama ya unga, hata dawa ikatolewa bure kwa wagonjwa, na tangu mwaka 2011 hospisi yenyewe iliwekewa kazi ya kuitengeneza kwa ajili ya nchi nzima, ikigawiwa na maghala ya Serikali na ghala la pamoja la Wakatoliki na Waprotestanti. Anne Merriman alifariki Kampala mwaka 2025, mwenye miaka 90. Shule yake imepokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika, na wale wanaosema Kifaransa pia.

Hata hivyo, Uganda yatufundisha zaidi juu ya dawa kuliko juu ya fedha, maana kazi ile imetegemea sana wafadhili wa mbali. Kwa habari ya fedha twapenda kutazama Kerala, jimbo la kusini mwa India, ambako Wahindu, Waislamu na Wakristu huishi pamoja. Mwaka huohuo wa 1993 waganga wachache walianzisha katika mji wa Calicut chumba kidogo cha kutuliza maumivu ndani ya hospitali ya chuo. Baada ya miaka michache waliona kwamba wagonjwa walio wengi hawawezi kufika mjini, na kwamba waganga peke yao hawatawafikia kamwe. Wakawaita raia. Katika vijiji na mitaa watu wa kawaida walifundishwa kwa saa chache: jinsi ya kusikiliza, kuosha mgonjwa, kujua ni wakati gani wa kumwita mwuguzi. Wao ndio waliobeba mzigo wa fedha pia. Masanduku madogo yaliwekwa madukani na katika nyumba za chai, wafanyakazi walitoa kidogo kila mwezi, wanafunzi wa shule walitoa senti zao. Michango midogo, lakini ya watu wengi na ya kila mwezi. Kwa fedha hiyo walilipa wauguzi, gari na dawa. Baadaye, mwaka 2008, Serikali ya jimbo ilitoa mpango wake na kuziagiza halmashauri za vijiji kushiriki. Angalieni mfuatano: watu kwanza, Serikali pili. Laiti wangengoja Serikali, wagonjwa wangapi wangalizikwa wakilia?

Sasa hospitali yetu. Tumeketi na wauguzi wawili, sista mmoja na mhasibu, tukaandika ni nini kinachotakiwa ili kuanza. Orodha ilitushangaza kwa ufupi wake. Mwuguzi mmoja aliyefundishwa, na mwingine wa kumsaidia akiugua. Mganga wa hospitali akubali kuweka sahihi. Kabati lenye kufuli mbili na kitabu cha kuandika kila tone lililotoka. Pikipiki, na mafuta yake. Sanduku la vitambaa, sabuni, glovu, metronidazoli, dawa ya tumbo. Watu wa mashirika, wawili au watatu katika kila shirika, wa kutembelea wagonjwa. Na chumba kimoja kilicho tayari, cha kuzungumzia na jamaa kwa faragha. Hata stoo yaweza kusafishwa. Hakuna jengo katika orodha hiyo, nasi twaomba lisiingizwe. Twajua udhaifu wetu: tukianza na tofali, tutafanya sikukuu ya jiwe la msingi, picha zitapigwa, na miaka kumi baadaye mbuzi watalala ndani ya kuta.

Gharama kubwa ya kila mwezi ni mbili tu, mshahara wa mwuguzi na mafuta ya pikipiki. Hizo ndizo zinazotakiwa kuwa na chanzo cha hakika. Shauri letu ni hili: katika kila mchango wa kilio, jamaa itoe sehemu moja katika kumi kwa ajili ya wagonjwa walio hai. Marehemu hapungukiwi kitu. Sanduku la mbao safi bila kioo hulala kaburini vilevile. Pia kuna tarehe 11 Februari, Siku ya Wagonjwa Duniani, ambayo Papa Yohane Paulo II aliianzisha mwaka 1992. Sadaka ya siku ile iende yote huko. Mituele za afya nazo zizungumze na wanachama wake, kwa kuwa leo nyingi hulipia upasuaji na kujifungua, lakini hazimkumbuki asiyepona.

Atakuwapo wa kuuliza: na wezi? Swali zuri, na historia ya masanduku yetu yampa haki. Funguo ziwe mbili, kwa watu wawili wasio wa jamaa moja. Hesabu isomwe kanisani kila baada ya miezi mitatu, mbele ya watu wote, kwa sauti, pamoja na idadi ya wagonjwa waliotembelewa, bila kutaja majina yao. Mwalimu wa hesabu wa sekondari alete wanafunzi wake wakubwa wakague daftari. Watajifunza hesabu zaidi ya ile ya ubaoni. Nanyi vijana wa shule, kuna kazi nyingine inayowafaa: kumchotea maji mgonjwa, kumsomea barua, kumsaidia mtoto wake masomo yaliyomponyoka katika miezi ya ugonjwa. Mtoto wa mgonjwa hufeli darasani na hakuna anayeuliza sababu.

Hatuwadanganyi kwamba mchango wetu utalipa kila kitu. Masomo ya mwuguzi na pikipiki ya kwanza yatahitaji mkono wa Ofisi ya afya ya jimbo la Kanisa, pengine na wa rafiki wa ng'ambo. Hilo si aibu. Lakini kazi ya kila siku isitundikwe juu ya msumari wa mwingine. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Serikali ya Marekani ilikata misaada yake mingi kwa ghafla, na hapa Kongo, kama katika nchi nyingine, kazi nyingi za afya zilitikisika katika wiki moja.

Unga wa morfini nao una njia yake, wala haununuliwi sokoni. Kwa mapatano ya mataifa ya mwaka 1961 kila nchi huandika kila mwaka kiasi inachohitaji, na hesabu hiyo hupelekwa Vienna, kwenye baraza linalosimamia dawa hizo. Nchi ambayo hospitali zake haziombi huandika kidogo, na huletewa kidogo. Mwaka 2017 wataalamu walioandika katika gazeti la waganga la Lancet walihesabu kwamba katika tani 298.5 za dawa za namna ya morfini zilizogawiwa duniani kwa mwaka, nchi zilizo maskini kabisa zilipata tani 0.1. Wengi husoma hesabu hiyo wakailaumu Ulaya. Sisi twaona kwamba ni lazima pia hospitali zetu ziandike barua.

Ya kwetu imekwisha andikwa. Mganga ameitia sahihi, na Paroko ameipeleka mwenyewe kwa Mkaguzi wa afya wa Jimbo, pamoja na hesabu ya wagonjwa wasiopona waliopitia hospitalini mwaka jana, ambayo wauguzi waliitafuta katika vitabu vya zamani usiku tatu mfululizo. Sista aliyechaguliwa kwenda kusoma anangoja pasipoti. Seremala wa misioni amemaliza kabati, la mbao ya libuyu, naye hakutaka malipo ila ya misumari. Mashirika manne yamekubali sehemu moja katika kumi. Mawili yamekataa, na moja limeomba kwanza liambiwe mafuta ya pikipiki yatapimwa na nani. Tumewaalika Jumapili ijayo baada ya Misa ya pili, waje kuyapima wao wenyewe.